Mchumaji Aliyeficha Homa



Ndugu msomaji, katika msimu mmoja wa karafuu wa ile miaka ya janga la korona, mzee mmoja mwenye shamba kisiwani Pemba alinishika mkono tulipokuwa tukitoka msikitini baada ya sala ya Alasiri, akaniketisha barazani kwake. Alikuwa na donge moyoni. Wachumaji wake kumi na wawili, vijana waliotoka vijiji vya mbali, walikuwa wakilala katika banda moja nyuma ya nyumba. Mmoja wao alishikwa na homa na kikohozi, akaficha. Kwa siku tatu aliendelea kukwea mikarafuu mchana, na usiku akiketi duarani pamoja na wenzake na watu wa nyumba ile kuchambua karafuu. Siku ya nne alishindwa kuinuka mkekani. Wiki iliyofuata nusu ya wachumaji walikuwa wamelala, na mke wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapikia, alipelekwa hospitali akihema kwa taabu.

Alhamdulillah, bibi yule alipona, na vijana nao walipona. Hakuna aliyepimwa, kwa hiyo sitasema ni maradhi gani. Ninachotaka kukisimulia ni mazungumzo yetu.

"Mwanangu," aliniambia mzee, "niliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Niliwanunulia barakoa kwa fedha yangu. Kila asubuhi nikawaambia, mwenye kujihisi vibaya aseme. Huyu kijana kwa nini anifanyie hivi?"

Nikamuuliza, "Mzee wangu, mchumaji asiyekwea mti siku hiyo hulipwa nini?"

"Twalipa kwa pishi. Asiyechuma hana pishi."

"Na angesema kuwa ana homa, angelala wapi?"

"Angerudi kwao."

"Kwa usafiri upi?"

Akanyamaza. Usafiri ulikuwa ni gari ile ile ya abiria inayobeba watu wakiwa wamebanana bega kwa bega.

Ndugu msomaji, kimya kile cha mzee ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Yeye ni mtu mwema, na alifanya kila alichoambiwa redioni. Lakini alichoambiwa kilikuwa ni mambo ambayo mchumaji ndiye aliyetakiwa kuyatenda: aoshe mikono, avae barakoa, akae mbali na mwenzake, aseme anapougua. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba kitanda, gari na ujira wa siku ya ugonjwa vimo mikononi mwa mwenye shamba, na kwamba vitatu hivyo vikikosekana, yale mengine yote humshinda mchumaji hata akiyataka.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya kwetu peke yetu kwa sababu ya umaskini. Mwaka 2020 nchi tajiri zenye hospitali kubwa na sheria nyingi za kazi zilifikwa na jambo lile lile.

Lleida ni mji wa Catalonia, nchini Uhispania, ulio mbali na bahari, umezungukwa na mashamba ya pichi na peasi. Kila mwaka joto linapopanda, matunda huiva kwa pamoja na vibarua humiminika kwa maelfu. Wengi wao ni Waafrika kutoka Senegal, Gambia na Mali, na kwa hiyo wengi ni ndugu zetu katika imani. Mwezi Machi mwaka ule Uhispania ilitangaza hali ya hatari na watu wakaamriwa kubaki majumbani mwao. Lakini tunda halina subira. Likiiva leo, baada ya siku chache ni la kutupwa, na wote waliofungiwa majumbani walikuwa wakihitaji kula. Basi kazi za mashamba zikaruhusiwa kuendelea na vibarua wakaja kama ilivyo ada yao. Amri ilimtaka kila mtu akae nyumbani kwake, na wao hawakuwa na nyumba. Wakalala mabarabarani, juu ya maboksi, mbele ya milango ya maduka.

Huko Uhispania mwajiri anayemleta mfanyakazi kutoka mbali hutakiwa kumpatia malazi. Lakini aliyekuja mwenyewe bila mkataba, na pengine bila kibali cha kuishi nchini, hana wa kumdai haki hiyo. Tena huogopa hata kwenda hospitali, asije akaulizwa karatasi zake. Mtu wa namna hii, ndugu msomaji, ndiye mgonjwa asiyeonekana mpaka ugonjwa umekwishaenea.

Habari za vibarua hao zilimfikia Keita Baldé, mchezaji mpira wa timu ya taifa ya Senegal, mzaliwa wa huko huko Catalonia, ambaye wakati ule alikuwa akiichezea klabu ya Monaco. Akajitolea kuwalipia malazi na chakula. Hapo likatokea jambo linalohuzunisha kuliko ufukara wenyewe. Fedha zilikuwapo, lakini kwa maelezo yake mwenyewe, wenye hoteli hawakutaka kuwapokea watu wale. Ikabidi ahangaike hadi akapata mahali pa kuwasitiri makumi miongoni mwao. Mji nao ukafungua jumba la maonesho, ukapanga vitanda ndani yake.

Hata hivyo mavuno yalikuwa yamekwishaanza, na maradhi yalikuwa yamekwishatangulia. Tarehe 4 Julai 2020 serikali ya Catalonia iliifunga wilaya yote ya Segrià, ambayo Lleida ndio mji wake mkuu, yenye wakazi wapatao 200,000. Aliyekataa kumpa mchumaji kitanda mwezi Mei, mwezi Julai alifungiwa mlango pamoja naye.

Mwezi ule ule wa Julai, katika kijiji cha Mamming, jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, wafanyakazi 174 wa shamba moja la mboga walikutwa na virusi, na wenzao wote wakazuiliwa humo humo shambani. Kanada nayo iliwataka vibarua wote wa kigeni wakae kando siku 14 baada ya kuwasili, tena kwa malipo. Ilikuwa hatua njema. Lakini siku ya 15 wengi wao waliingia katika mabweni ya vitanda vya ghorofa, wakishirikiana jiko na choo. Katika jimbo la Ontario wafanyakazi watatu kutoka Mexico walifariki kati ya mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, na Mexico ikasitisha kwa muda kuwapeleka watu wake kwenye mashamba yenye maambukizi.

California, nchini Marekani, ilikwenda mbali zaidi. Mwezi Julai mwaka ule ilianzisha mpango wa kuwalipia vyumba vya hoteli wafanyakazi wa mashambani walioambukizwa, wapate kujitenga na familia zao. Lakini vyumba vingi vilibaki vitupu. Mtu mwenye watoto sita hawezi kwenda kulala peke yake siku kumi katika chumba kizuri ilhali hajui wanawe watakula nini. Chumba bila ujira hakikutosha, kama vile sabuni ya mzee wetu bila ujira haikutosha.

Sasa natuifuate siku moja ya kibarua, tuone maradhi humpatia wapi, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Tulipotishwa na korona tulitazama shamba, tukawaona wachumaji wametapakaa mitini, tukasema hatari iko pale. Ukweli ni kinyume. Virusi vya aina hii huenea zaidi kwa hewa tunayovuta na kutoa, hasa penye nafasi ndogo isiyopitisha upepo. Juu ya mti au katikati ya jaruba la mpunga, mtu yuko peke yake na upepo wa Mungu unampitia. Barakoa iliyolowa jasho huko juu humletea karaha zaidi kuliko faida.

Hatari huanza alfajiri, garini. Watu ishirini nyuma ya gari iliyofunikwa turubai, kwa mwendo wa saa nzima, huvuta pumzi moja. Turubai lile likikunjwa, abiria wakapunguzwa na gari ikaenda safari mbili, sehemu kubwa ya hatari imekwishaondoka. Gharama yake ni mafuta ya safari moja.

Hatari ya pili ni saa ya chakula na maji. Kikombe kimoja kinachofungwa kamba kwenye mtungi, kila mtu akakitia kinywani, ni mlango wa maradhi mengi, na kipindupindu ni mojawapo. Kikombe cha kila mtu chenye alama yake hakigharimu kitu. Maji ya kunawa nayo yawe karibu na mahali pa kazi, kwani kibarua anayelipwa kwa pishi hataacha mti wake akatembee robo saa kutafuta bomba.

Hatari ya tatu, na hii inazihusu nyumba zetu moja kwa moja, ni kuchambua. Jioni karafuu mbichi humwagwa sebuleni au ukumbini, na watu wote, wageni na wenyeji, mama na mabinti, bibi na wajukuu, huketi duarani kutenga karafuu na makonyo yake huku wakizungumza na kucheka. Ni saa tamu kuliko zote za msimu, na wengi wetu tumelelewa humo. Lakini pia ndiyo saa ambayo kijana wa mbali mwenye kikohozi na bibi wa miaka sabini hukaa pua kwa pua, milango imefungwa kwa ajili ya mbu. Panapokuwa na maradhi, kuchambua kuhamishiwe uani au barazani, taa itolewe nje, na makundi yatengwe: watu wa nyumbani kivyao na wachumaji kivyao. Wazee na wenye maradhi ya kifua, sukari au shinikizo la damu wapewe karafuu zao wachambue mahali pao.

Hatari ya nne ni usingizi. Mtu hulala saa saba au nane, na muda wote huo anavuta hewa ya chumba. Watu kumi na wawili katika banda lisilo na dirisha ni sawa na mtu mmoja mwenye mapafu kumi na mawili. Penye uwezo, banda ligawanywe. Pasipo uwezo, yatobolewe madirisha ukutani na kuwekwa wavu, mikeka iachane angalau mita 2 au kadiri nafasi inavyoruhusu, na watu walale kichwa cha huyu kuelekea miguu ya yule. Tena wanaolala pamoja ndio wasafiri pamoja na kufanya kazi pamoja, ili mmoja akiugua, waliokuwa karibu naye wajulikane na kazi ya wengine isisimame.

Hatari ya tano ni siku ya malipo, na hii ndiyo mama wa zote. Mtu huweza kuambukiza wenzake kabla hata hajajihisi mgonjwa, na baada ya kujihisi, kila saa anayoificha homa yake huongeza idadi ya watakaougua. Kwa hiyo kusema mapema ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Na dawa hii huuzwa kwa bei moja tu, nayo ni hakikisho kwamba anayesema hatapoteza riziki yake, hatafukuzwa usiku, wala jina lake halitatangazwa kijijini. Mwenye shamba asiyetoa hakikisho hilo anawafundisha watu wake kuficha, hata kama kila asubuhi anawaambia waseme.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni kadari, na kwamba ajali ya mtu haipiti siku yake. Ni kweli haipiti. Lakini hoja hii ilikwishatolewa na mtu bora kuliko sisi, na ikajibiwa. Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa safarini kwenda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, akaamua kuwarejesha watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mwingine mkavu: upande wowote atakaowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kutokuingia nchi yenye tauni wala kutoka humo kwa kuikimbia.

Mfano ule wa ngamia tumeusikia mara nyingi, lakini tutazame jambo moja ndani yake. Ngamia hachagui upande wa bonde. Anayechagua ni mwenye kushika kamba, na yeye ndiye atakayeulizwa. Kibarua aliyetoka kwao akiwa na mkeka na panga tu hakuchagua banda, hakuchagua gari, wala hakupanga ujira. Kamba imo mkononi mwetu sisi tuliomwita.

Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) kuhusu mwajiriwa tunayajua: alipwe kabla jasho lake halijakauka, asibebeshwe asiloliweza, na akibebeshwa asaidiwe. Tunajua pia onyo lake juu ya mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaichukua kazi yake kamili kisha akamdhulumu ujira. Basi tujiulize: aliyeugua kwa sababu ya banda letu, kisha tukamrudisha kwao mikono mitupu, je, huyu tumemtimizia?

Najua mwenye shamba naye ana shida zake. Bei haiko mikononi mwake, mvua inaweza kunyesha karafuu zikiwa juani, na wengine huchuma kwa mkopo. Sisemi abebe peke yake. Wachumaji wenyewe wanaweza kuchangia, majirani wanaweza kushirikiana chumba kimoja cha wagonjwa kwa mashamba matatu au manne, na msikiti una sanduku lake. Muhimu ni kwamba mapatano yafanywe kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mbele ya wote: akiugua mtu atalala wapi, atapikiwa na nani, atapelekwa kituo gani cha afya na kwa gari ipi, atalipwa nini, na nani atawapigia simu jamaa zake. Mambo matano hayo huzungumzwa kwa nusu saa.

Kwa akina mama, ambao mara nyingi ndio wanaowaona wachumaji kwa karibu kuliko mwenye shamba mwenyewe, nasema haya. Jicho lenu ni kipimo cha kwanza. Aliyeacha chakula chake, aliyekohoa usiku kucha, aliyejitenga pembeni, mumuulize kwa upole kama mnavyomuuliza mwana wenu. Na mnapomhudumia mgonjwa, awe na sahani na kikombe chake, ahudumiwe na mtu mmoja, nanyi mjifunike pua na mdomo, na dirisha liwe wazi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini mwaka huo huo mwezi Machi, mkoa wetu wa Kagera ulipata maradhi ya Marburg, na Januari 2025 yakarudi tena mkoani humo. Maradhi mengine yatakuja, na hayatauliza kama tumeshamaliza kuvuna.

Nilipomtembelea mzee wangu msimu uliofuata, nilikuta banda lina madirisha mawili mapya, na kando yake kibanda kidogo cha makuti chenye kitanda cha kamba. Alinieleza kuwa walikubaliana na wachumaji watenge pishi moja katika mavuno ya kila siku, naye akaongeza moja yake, na anayeugua hulipwa humo nusu ya ujira wake mpaka apone. Kijana mmoja alikuja kusema mwenyewe siku ile ile homa ilipomwanza. Akalazwa kibandani, akapelekwa kupimwa, ikawa ni malaria. Baada ya siku nne alikuwa juu ya mti.

Nikamuuliza habari za yule aliyeficha mwaka uliotangulia.

"Ndiye huyo," akasema mzee.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana, na awalinde wote wanaotoka majumbani mwao kwenda kutuvunia tunachokula. Wabillahi tawfiq.